Roma siku tatu, na mama mwenye magoti mabovu: nimebana sana?

Binti_wa_Mwisho
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mwezi ujao nampeleka mama Roma. Tunatua Ijumaa mchana, tunaondoka Jumatatu alasiri, basi. Mpango wangu: Jumamosi Colosseum na magofu ya jirani. Jumapili asubuhi Makumbusho ya Vatikani, halafu kanisa la Mtakatifu Petro na kupanda kuba. Jumatatu chemchemi ya Trevi na zile Ngazi za Hispania za kwenye picha. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, ila ukimwambia apumzike ananuna. Nipunguze nini?

Sangara_Mkavu
Jumapili yako imekufa kabla hujafika. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na hiyo ni bure kwa hiyo foleni yake utaisimulia. Badilisha: Vatikani Jumamosi, Colosseum Jumapili. Tiketi za kote kuwili kata mapema mtandaoni, ukichagua na saa ya kuingia. Ya Colosseum inaandikwa jina lako, beba pasipoti.

Bibi_Tembeatembea
Mwanangu, mimi nina magoti ya mama yako, kwa hiyo nisikilize mimi.

Kuba la Mtakatifu Petro ni ngazi 551. Watakwambia kuna lifti. Ipo, lakini inakufikisha paani tu. Zinabaki 320 za miguu, na huko juu njia inabana na ukuta unalala ubavu kufuata mviringo wa kuba, unapanda umepinda shingo. Wanaokuja nyuma wamejaa, kugeuka hakuna. Mama abaki paani awatazame mitume wa mawe kwa nyuma. Mabega na magoti yafunikwe. Mimi niligeuzwa mlangoni kwenye kanisa moja kwa gauni lisilo na mikono, tangu siku hiyo mtandio hautoki mkobani.

Ngazi za Hispania kapige picha upite. Tangu 2019 kukaa pale ni marufuku, na faini ipo. Mtu na magoti yake anafika kwenye ngazi zote zile, halafu akikaa anapulizwa filimbi! Trevi nendeni alfajiri, vinginevyo mtaona visogo vya watu.

Viatu: mitaa ya katikati imetandikwa mawe madogo meusi, sampietrini, yakilowa yanateleza kama mlenda. Soli nene, usibishane naye.

Sasa hiyo Ijumaa jioni uliyoiacha wazi. Nendeni kanisa la San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona. Kuingia bure, mchana hufungwa kidogo. Pita upande wa kushoto mpaka kikanisa cha mwisho kabla ya altare. Giza. Nilipokwenda palikuwa na kisanduku. Unatia sarafu, taa inawaka, na mbele yako ni kazi ya mchoraji Caravaggio, michoro mitatu ya Mathayo mtoza ushuru. Ule wa kushoto wanaume wameizunguka meza ya pesa, Yesu kasimama kulia kanyoosha mkono, mwanga unapita juu yake kuelekea mezani. Wengine wamegeuka. Kijana wa mwisho wala hajainua macho, anahesabu tu. Nikawa natafuta Mathayo ni yupi kati yao, taa ikazima. Tukabaki kama watu sita gizani, kila mmoja anamsikilizia mwenzake atoe sarafu. Nikatoa mimi. Mambo ya kwenye dari la Sistina, kile kikanisa cha huko Vatikani, sikumbuki hata nusu, shingo iliuma na walinzi walikuwa wanatuambia tunyamaze. Ile meza naikumbuka mpaka leo.

Sangara_Mkavu
Bibi umenena, ila Sistina usimvunjie mtu moyo. Michelangelo alikaa analichora lile dari kuanzia 1508 hadi 1512, shingo yake je? Nyongeza: kama Jumapili yenu ni ya kwanza ya mwezi, Colosseum ni bure na tiketi haikatwi mapema, mjipange na jua. Tiketi ya kawaida inaingiza pia Foro, ule uwanja wa kale wa Warumi, na mlima Palatino. Foro ipo chini, inatembeleka. Palatino ni mpando. Chupa ya maji msinunue kila kona, kuna mabomba ya chuma ya barabarani yanatiririka usiku na mchana, maji safi, baridi.

Kitunguu_Saumu
Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi, mbona mmeisahau? Kuba la zege la karibu miaka 1,900, upana mita 43.3 na kimo toka sakafuni hivyo hivyo, katikati tundu wazi. Mvua ikinyesha inaingia ndani, sakafuni kuna vitobo vya kuitoa maji. Ngazi hakuna za kumsumbua mama. Tiketi ipo siku hizi.

Binti_wa_Mwisho
Asanteni sana. Nimeshabadilisha, Vatikani Jumamosi saa mbili asubuhi, Ijumaa kwa Mathayo, Pantheon Jumatatu. Tatizo limebaki moja: nilimsomea mama hapa, alipofika kwenye ngazi 551 akasema atapanda.

Bibi_Tembeatembea
Nami nilisema hivyo hivyo. Basi apande, ila nilitumia muda gani kushuka asiniulize.