Wanawake waliozeekea machimboni Kanda ya Ziwa, wanadumuje? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Buzuruga
Wakuu, leo soko la madini hapa Mwanza ameingia bibi mmoja na kitonge chake cha dhahabu. Kabla karani hajagusa kikokotoo, bibi ameshataja mrabaha 6%, ukaguzi 1% na kitakachobaki mkononi. Wanaomfahamu wanasema alikuwa Bulyanhulu kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa Agosti 1996, akaja Mgusu, akaenda Nyarugusu, akatua Lwamgasa. Wengi walioanza naye wamezikwa au wamerudi kwao mikono mitupu. Wanaoyajua maisha haya waje na mambo ya vitendo.

Beseni la Mwalo
Anayedumu ni yule anayekomaa na mwalo, yaani ubao wa kuoshea mchanga wa dhahabu uliotandikwa magunia. Ubao ukiinama sana, maji yanakimbia na dhahabu laini inapita juu ya gunia. Ukilala sana, mchanga mweusi unajaza nyuzi za gunia na dhahabu haina pa kushika. Maji yatiririke sawasawa, si kumwaga ndoo kwa pupa. Magunia yavuliwe na kufuliwa kwenye beseni kabla hayajajaa. Ukisubiri jioni umeshapoteza. Halafu karai, taratibu, mpaka ubaki na mchanga mweusi kiganjani.

Nyanda wa Katoro
Sahihi kabisa. Wengi wanaharakishia karai.

Mama Sahani
Msisahau waliopitia jikoni. Rashi ikilipuka, yaani dhahabu ikionekana mahali na watu wakamiminika, wa kwanza kufika ni wachimbaji, wa pili ni mama ntilie. Watu wa duara, lile shimo la kuchimbia, wanakula mkopo wiki nzima, malipo ni mfuko wa mawe siku ya mgao. Anayejua kazi anafanya hivi: kila sahani kwenye daftari na msimamizi wa duara anasaini kila jioni. Mfuko wake anauchagua pale pale mdomoni mwa duara, mifuko ikiwa bado haijatenganishwa. Akikubali "utachukua kule karashani" (kwenye mashine ya kusaga mawe), atapewa mawe meupe yasiyo na kitu. Na akubaliane mapema kama chakula kinatolewa kabla ya mgao wa mwenye leseni au baada. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Mzinza Halisi
Yote sawa ila mwanamke asiingie duarani. Dhahabu inakimbia, wazee walishasema.

Beseni la Mwalo
Kaka, mwamba haujui nani kashuka. Mwiko huo unawanyima mama zetu mgao wa chini, ambao ndio mkubwa. Mwanamke anabaki kuponda na kuchekecha marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa), halafu mnasema hana mtaji.

Mzinza Halisi
Mimi nimesema mila, sijasema mgao. Usiniwekee maneno mdomoni dada.

Fundi Pampu Geita
Acheni mila kidogo, niwape kisa kilichomfanya mama mmoja wa huku aheshimike hadi leo. Alikuwa na duara lake ndani ya leseni ya mtu, kina kama mita 20, vijana sita. Mvua ikapiga usiku, asubuhi duara lina maji. Sasa sikilizeni vizuri: pampu ya petroli ikikaa juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata uongeze mpira namna gani. Ndiyo maana watu hushawishika kuishusha pampu yenyewe mpaka karibu na maji. Vijana wake wakataka kufanya hivyo. Akakataa, akakalia winchi, akasema anayeshuka na injini ashuke na sanda yake. Wakamtukana, wawili wakahamia duara la jirani.

Jirani akashusha. Moshi wa injini hauna pa kutokea kule chini, na hewa ile yenye sumu haina harufu ya kukushtua. Wa kwanza akalegea. Wa pili akashuka kumtoa, akalegea. Wa tatu naye hivyo hivyo. Watu wanalia juu, kila mwenye ndugu anataka kuruka. Mama yule ndiye aliyewazuia wa nne na wa tano kwa mikono yake, akaagiza kompresa ipuliziwe chini kwanza na anayeshuka afungwe kamba kiunoni. Walitolewa watatu, mmoja tu akiwa hai.

Dawa yake: pampu ya umeme ya kuzamisha, jenereta ibaki juu, mbali na mdomo wa duara na upande ambao upepo unapeleka moshi kando. Maji yakiisha usishuke siku ile ile. Matimba (miti inayoshikilia kuta za duara) yaliyoloa yakaguliwe kutoka juu kwenda chini, yaliyochezacheza yabadilishwe.

Nyanda wa Katoro
Daah. Mungu awarehemu. Huyo wa pili na wa tatu ndio huwa wanauma zaidi.

Mkazi wa Buzuruga
Fundi, yule aliyetoka hai aliendelea na kazi?

Fundi Pampu Geita
Yupo, ila hashuki tena. Anauza vipuri vya karasha.

Muuguzi Mstaafu
Wauaji wa polepole ni wawili. Vumbi la mawe meupe linakaa kwenye mapafu daima. Kitambaa usoni hakizuii lile laini. Lowesha mawe kabla ya kuponda. Mama akikohoa miezi na makohozi hayaonyeshi kifua kikuu, amwambie daktari wazi kwamba anaponda mawe, apigwe picha ya kifua.

Wa pili ni zebaki, ile ya kunasia dhahabu. Kuchoma kwenye kikaango jikoni ni kumlisha mvuke mtoto aliye tumboni na aliye mgongoni. Tumia ritoti, chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupoza mvuke wa zebaki, na uchomee nje.

Mzinza Halisi
Ritoti inakula dhahabu, wote wanajua.

Muuguzi Mstaafu
Haili. Zebaki huchemka nyuzi 357, dhahabu huyeyuka nyuzi 1064. Watu hawaiamini kwa sababu hawaoni ndani. Angalizo moja tu: ncha ya bomba isizame kwenye maji wakati chombo kinapoa, maana maji yatanyonywa ndani na kinaweza kupasuka. Izungushie kitambaa kilicholowa.

Mwenye Elusheni
Marudio nayo! Mwalo na zebaki mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu mchangani, halafu akina mama wanatuuzia sisi wa elusheni, tunaotoa dhahabu kwa sayanaidi, lundo kwa bei ya kuhurumiana. Kabla hujauza, chota sampuli pande zote, juu, kati na chini kabisa, changanya, ukapime. Usiruhusu mnunuzi achote peke yake. Ila marudio yaliyopita zebaki tusiyaingize kwenye sayanaidi, sumu zinachanganyika na kusambaa na maji. Na chokaa isipungue, kipimo cha pH kikae 10 hadi 11, kikishuka chini ya 9 gesi ya sumu inatoka.

Mama Sahani
Na leseni ya uchimbaji iandikwe jina la mama mwenyewe. Leseni ndogo ni ya Mtanzania, miaka 7, inahuishwa. Mume akifariki, ndugu wanafika na karatasi kabla ya arobaini.

Nyanda wa Katoro
Mwingine atasema usimwambie kabisa mume umepata gramu ngapi.

Beseni la Mwalo
Mwambie, ila stakabadhi za soko weka kwa mama yako mzazi. Benki wakitaka kuona mauzo, hizo ndizo wanazoomba.

Mkazi wa Buzuruga
Mwenye Elusheni, sampuli ya kupima ni kilo ngapi?

Mwenye Elusheni
Chota nyingi, kama ndoo nzima, changanya vizuri, gawa mafungu manne, tupa mawili ya mkabala, rudia mpaka ibaki kilo mbili. Moja maabara, moja ifungwe na ubaki nayo wewe.