Je, kila chenye umbo la duara ni mandala?

MwalimuWaSanaa (Tanga):
Wanajukwaa, habari zenu. Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari, na muhula huu niliwaagiza wanafunzi watafute mandala katika mazingira yao. Wameniletea kawa ya kufunikia chakula, nanasi lililokatwa, picha ya mlango wa Zanzibar, hata kiti cha pweza (yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota) kilichokaushwa. Kazi zao zimenifurahisha, lakini mzazi mmoja ameniuliza iwapo ni sahihi kuviita vitu hivyo mandala, ilhali neno lenyewe lina asili ya dini za Bara Hindi. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Ninyi mngemjibu vipi?

MpendaVitabu:
Mwalimu, mzazi huyo ana hoja. Neno hilo ni la Kisanskriti na maana yake ni duara, lakini kwa watawa wa Kibudha wa Tibet mandala ni ramani ya kasri takatifu: kuna kitovu, kisha mraba wenye malango manne yanayoelekea pande nne za dunia, na nje yake maduara. Watawa huichora kwa mchanga wa rangi wakianzia katikati, kazi ya siku nyingi, halafu huifagia yote na kuumwaga mchanga katika maji yanayotiririka. Hekalu la Kibudha la Borobudur kule Java, Indonesia, la karne ya 9, lina mpango unaofanana na huo: ngazi sita za mraba, juu yake ngazi tatu za duara zenye stupa (minara ya ibada yenye umbo la kengele) ndogo 72, na stupa kubwa kileleni. Kwa kipimo hicho, nanasi halimo.

BintiUkindu:
Naomba niongeze jambo, kwa sababu nimekua nikimtazama bibi yangu akishona makawa. Kawa haina duara hata moja. Ukili (utepe uliosukwa kwa ukindu) mmoja mrefu huanzia kileleni, ukazungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo hadi chini, na rangi zilizosukwa ndani yake ndizo zinazoonekana kama pete. Fuatisha pete moja kwa kidole: hutarudi ulipoanzia, bali utajikuta umeshuka safu moja. Mlango ni habari nyingine. Ua la petali sita kwenye mfaa, yaani ubao wa katikati ya mlango, huchorwa kwa bikari. Fundi huchora duara, kisha, bila kubadili upana wa bikari, huihamisha ncha yake juu ya mstari uleule mara sita, na petali hujitokeza zenyewe. Hapo pana duara halisi, lenye kitovu, kama mandala.

MkulimaSingida:
Aliyoyaeleza dada kuhusu kawa ndiyo hali ya alizeti. Mbegu zake hazikai katika pete, bali katika mistari iliyopinda, mingine kulia na mingine kushoto, na ukiihesabu mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Sababu ni ukuaji: kila chipukizi jipya huota kwa pembe ya takriban nyuzi 137.5 kutoka lile lililotangulia, hivyo hakuna linalokaa nyuma ya jingine na nafasi yote hutumika. Nanasi nalo huwa na mistari 8 na 13, ila, Mwalimu, kulikata ni kuipoteza ruwaza yenyewe, kwa kuwa iko kwenye macho ya ganda. Kiti cha pweza hakimo kwenye kundi hili, maana mikono yake mitano imetoka katikati kwa usawa bila kujizungusha.

MwalimuWaSanaa (Tanga):
Ahsanteni sana. Leo tumeifuatisha pete ya kawa kwa kidole mbele ya darasa, na kweli tumeshuka safu. Kesho wanafunzi wataleta nanasi zima na bikari, na mzazi nitamwambia kwamba tunachunguza ruwaza zinazoanzia katikati, na kwamba mandala ni moja kati ya hizo. Dada BintiUkindu, tumeutafuta mwisho wa ukili tusiuone. Bibi alikuwa akiuficha wapi?