MREJESHO: Kisima chetu jirani na dampo, majibu ya maabara yametoka

Habarini wakuu. Niliuliza kama kuchemsha kunatosha kwa maji ya kisima chetu hapa Dodoma, kilicho chini ya mteremko wa dampo. Asanteni sana mlionisihi nipime na metali nzito, sio vijidudu tu.

Vijidudu hakuna. Risasi, ile metali nzito yenye sumu, ndiyo imezidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.01 kwa lita. Na kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki, hivyo inakolea zaidi. Maji yenyewe meupe, hayana harufu wala ladha yoyote, ndiyo maana yananitisha.

Wanaoniumiza roho ni watoto. Miili yao hufyonza risasi zaidi kuliko yetu watu wazima, na inadhuru ubongo unaokua. Mdogo wetu tumempeleka kupimwa damu, tunasubiri majibu.

Ya kunywa na kupikia sasa tunanunua ya bomba kwa madumu. Ya kisima ni kudekia tu. Mwenyekiti wa mtaa nimempa nakala ya majibu, ameahidi kulifikisha suala hili kwenye mkutano. Mama muuza uji bado anachota pale. Kesho naenda kwake tena.