Dodoso "bila jina" nimesomewa mbele ya watu 40! Sijazi tena mie, wallahi

Mwana wa Stoo (kaanzisha uzi)

Assalam aleikum nyote. Nimetoka kikaoni sasa hivi, buibui sijavua, niko kituo cha daladala Mwanakwerekwe naandika huku mikono inatetemeka. Bosi wetu mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule yule wa miwani juu ya kipara, anaeanza kila kikao kwa "familia yangu". Alieko afisini kwetu anamjua, asieko anamjua, hata paka wa Forodhani wakimuona wanahama meza.

Wiki tatu nyuma ililetwa linki kwenye kundi la kazi. Utafiti wa maoni ya wafanyakazi na wadau, dakika tano tu, majibu ni siri, hakuna jina, jazeni kwa uhuru tunataka kujijua. Tukaambiwa kuna washauri wamekodiwa kutoka nje na hakuna mtu wa ndani atakaeona kitu. Nikaamini. Miaka 11 nipo stoo, sijawahi kuulizwa chochote zaidi ya "funguo ziko wapi". Nilifurahi jamani! Nikasubiri watoto walale, nikakaa baada ya isha nikajaza maswali yote 34, moja moja, kama najibu mtihani wa skuli.

Mwisho pana kisanduku: "Una jambo gani jengine ungependa taasisi ilijue?" Nikaandika kwa adabu zangu zote: "Mlango wa choo cha wanawake hauna kitasa tangu Ramadhani. Anaeingia huuzuia kwa mkono, au humuomba mwenzake amsimamie nje. Tumeshasema kwa mdomo mara tatu. Tunaomba kitasa." Ndo hayo tu. Sijamtukana mtu, sijagusa mshahara, sijataja safari za watu. KITASA!

Leo tukaitwa "kurejeshewa matokeo". Chai ya maziwa, katlesi, projekta. Yeye kasimama mbele, katlesi mkononi, anatafuna, anasoma maoni yetu ukutani moja baada ya jengine. Likaja langu. Neno kwa neno, hata nukta haikupungua. Na juu yake kumeandikwa: Kitengo, Stoo. Jinsia, Mwanamke. Muda kazini, miaka 10 hadi 15. Stoo tupo wanne. Watatu wanaume, mmoja wao ndevu zimefika kifuani. Watu 40 wakageuka kwa pamoja kama wameitiwa mwizi.

Akatafuna. Akameza. Akasema: "Huyu anaejua kuandika kitasa, basi na duka la vitasa atalijua."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mie sikucheka. Nilikuwa natazama kombo la katlesi limeganda kwenye tai yake, na mpaka sasa nikifumba macho naliona. Akatafuna, akameza, akasema. Alingoja ameze kwanza! Angenitukana na katlesi mdomoni ningesema kapitiwa.

Na maswali yenyewe yalikuwa ya ajabu, nilipaswa kushtuka mapema. "Mkuu wangu ananisikiliza na ananilipa kwa wakati. Nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Sasa mtu anaelipwa kwa wakati lakini hasikilizwi aweke alama wapi? Nilikaa na swali hilo dakika kumi, nikaweka "nakubali" kwa kumuonea haya Mungu, maana mshahara kweli unaingia.

Lakini tuyaache hayo. Katlesi ile. Watu 40. Vijana wa mafunzo wamo, waliokuja juzi tu, na wao wanacheka. Nimetoka, nimepita mlangoni kwa yule mlinzi, na yeye ananiambia "Bi Kitasa, hujambo?" Habari imemfika getini kabla yangu!

Nimekasirika mpaka nasikia baridi.

---

Kiguu na Njia

Pole shoga yangu. Ila na wewe, walipokuuliza kitengo, jinsia, umri na miaka ya kazi ulidhani wanakutafutia mchumba? Stoo nzima mwanamke uko peke yako, ungeandika na rangi ya mtandio tu wakukamilishie.

---

Mwana wa Stoo

Kiguu na Njia usinichome. Maswali hayo yalikuwa na nyota nyekundu, usipoyajaza ukurasa haufunguki. Na kiliandikwa kwa herufi nzito kabisa "HATUTAKUJUA". Mtu mzima akiniandikia hatanijua, nimuite muongo kabla hajasema uongo?

---

Babu Vespa

Bosi huyo na mkewe, hata kwenye kitchen pati hawajui kuuliza. Hebu tuambie, katlesi zilikuwa za nyama au za samaki?

---

Takwimu Kavu

Dada yangu, hujakosea popote, na nakuomba usijilaumu. Kazi hii ya madodoso naifanya, na hili lililofanyika kwenu ni kosa la mwanzo kabisa tunalofundishwa kulikimbia.

Kuna "bila jina" na kuna "kwa siri". Bila jina ni pale hata aliekusanya majibu hawezi kujua nani kasema nini. Kwa siri ni kuwa anakujua ila anafunga mdomo. Nyie mliahidiwa la kwanza, mkanyimwa yote mawili. Kwa kawaida kikundi chenye watu chini ya 5 hakitolewi matokeo yake peke yake, na wengi huweka mpaka 10. Stoo ya watu 4 ilipaswa kuchanganywa na manunuzi au usafiri. Tena ukikata kwa jinsia na miaka ya kazi, hata kitengo cha watu 30 unaweza kubaki na mtu mmoja mkononi. Jina halihitajiki hapo.

Maoni ya kuandika nayo hayatundikwi ukutani yalivyo. Huondolewa kila kinachomtambulisha mtu, kisha hukusanywa kwa mada. Kingesemwa tu "hali ya vyoo imetajwa", kikao kikaendelea.

Swali la kusikilizwa na kulipwa ni maswali mawili yamevishwa kanzu moja. Jibu lake halina maana hata wakijaza watu elfu. Mizani ya alama tano haina kosa lolote, imetumika tangu Rensis Likert alipoieleza kule Marekani mwaka 1932. Kosa ni la alieandika sentensi.

Na kinachoniuma zaidi ni mwakani. Mwakani wote 40 mtaweka 5. Yeye ataona amejenga pepo.

---

Kiguu na Njia

Khutba imekwisha? Tusimame tuswali?

---

Takwimu Kavu

Bado kidogo. Kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, walianza kuwahoji wafanyakazi mwaka 1928 na wakaongea na watu zaidi ya 20,000. Mwanzo walikwenda na maswali yao tayari. Wakaona watu wanatoka nje ya swali wanaeleza yanayowakera wao. Wakaacha maswali, wakawa wanasikiliza tu. Miaka yote hiyo imepita na mtu bado anachekea kitasa.

---

Nilikuwepo

Mie ni wa afisi hiyo hiyo, sitajitambulisha, na safari hii sijazi kitengo. Nilicheka na mie, Mungu anisamehe. Bi mkubwa, nakuomba radhi hapa mbele ya watu. Nilicheka kwa kuwa langu lilikuwa linafuata na nilikuwa natetemeka.

Ila tai haikuwa na kombo. Lilikuwa kwenye shati.

---

Mwana wa Stoo

TAI! Nilikaa safu ya pili! Lilikuwa chini kidogo ya fundo, upande wa kushoto!

---

Konde Asilia

Yakhe, nyie watu wa mjini mna raha, mnadodoswa kwenye kiti na chai. Njooni Pemba. Walikuja kwetu vijana wawili na tableti wakati wa vuno, mie niko juu ya mkarafuu. Juu! Kijana kasimama chini ananadi: "Mzee, kwa kiwango cha 1 hadi 5, umeridhika vipi na ushirikishwaji wa wadau?" Nikamuuliza mdau ndo nani. Kanambia mdau ni wewe. Nikamwambia mimi ni mkulima, mdau sijawahi kuitwa tangu nizaliwe, na kama mnanishirikisha basi panda tuchume.

Kisha la kuniua nyongo. Karafuu zimeanikwa uwanjani, zimechambuliwa, makonyo yako kando, siye tunapita pembeni kwa adabu. Yeye kapita na viatu JUU YA JAMVI. Na viatu! Karafuu za siku mbili za jua. Hata kitasa chako, mwanangu, hakifiki hapo.

---

Bamvua

Na siye wanawake wa mwani tusemeje? Jambiani hapa wanakuja siku za bamvua, maji yamekupwa, ndo saa zetu za kuwa shambani. Mtu umeinama maji ya magoti unafunga mbegu kwenye kamba, anakusimamia juu ya kichwa na mwavuli: "Mama, taasisi yetu unaionaje?" Naiona na mgongo huu? Nikamwambia ule mwani wa cottonii unakufa kwa joto la maji, tumebaki na mwani wa spinosum ambao bei yake ndogo, muandike hilo. Kanambia hapana pa kuandika, chagua namba. Nikachagua 3 aondoke.

---

Takwimu Kavu

Hilo la 3 ndilo linaloharibu tafiti nyingi. Mtu kachoka anachagua katikati, kisha ripoti inasema wadau wana maoni ya wastani.

---

Karani Mstaafu

Jamani mnatushambulia sisi wadodosaji kama tunapenda. Mie nimezunguka Pemba, Micheweni mpaka Mkoani, kwa dodoso la wadau la watu fulani, mnawajua, wenye gari nyeupe. Siku 12. Posho mpaka leo sijaiona. Nikipiga simu naambiwa "iko kwenye mchakato". Mchakato huo umekuwa mrefu kuliko barabara ya Chake!

Na tusichanganye mambo. Sensa ya 2022 tulifanya kwa utaratibu. Zanzibar nzima tulihesabiwa 1,889,773 na hakuna hata mmoja aliesomewa jibu lake kikaoni, sheria ya takwimu inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Ndo mana watu walitufungulia milango. Huyo wa katlesi angekuwa msimamizi wangu ningerudisha tableti.

---

Kiguu na Njia

Sasa umesema la maana. Posho ngapi wanadaiwa?

---

Karani Mstaafu

Siku 12 za kazi na nauli ya boti. Boti nimelipa mwenyewe!

---

Fundi wa Darajani

Mie nawauliza kitu kimoja tu. Choo kinatiwa kitasa? Kitasa kina ufunguo. Mlango wa choo hutiwa komeo. Huyo bosi simtetei, ila duka la vitasa angekwenda mtu, angeuziwa kitu sicho.

---

Konde Asilia

Komeo la nini, siye tunatia kia. Ubao mmoja, hauharibiki, hauna kutu.

---

Fundi wa Darajani

Kia kwenye choo cha afisi? Cha ghorofani? Utaweka na pipa la maji na kata?

---

Mwana wa Stoo

Jamani! Kitasa, komeo, kia, leteni chochote kinachofunga! Mie nasema mtu kanisomea siri yangu mbele ya watu 40 akitafuna! Akameza kwanza! Na jioni hii nimeona kwenye kundi limeletwa dodoso jengine, "tathmini ya kikao cha matokeo", na swali la kwanza ni kitengo chako!

---

Nilikuwepo

Nimeliona. Nimeandika kitengo: Bustani. Hatuna bustani.

---

Bamvua

Komeo la shaba ndo zuri, la chuma linaliwa na chumvi. Kwangu nimebadilisha mara tatu.

---

Konde Asilia

Karani Mstaafu, umesema umezunguka Micheweni. Kwetu Konde ulifika?

---

Karani Mstaafu

Nilifika mzee wangu. Kwa nini?

---

Konde Asilia

Wakati wa vuno?

---

Karani Mstaafu

Ilikuwa wakati wa vuno, ndio.

---

Konde Asilia

Viatu vyeusi vya kamba, begi la mgongoni la kijani?

---

Karani Mstaafu

Mzee, jamvi lilikuwa limetandikwa njiani.

---

Konde Asilia

NJIANI? Uwanjani kwangu hapo, chini ya mfenesi! Nyumba iko hapa, mfenesi uko pale, njia iko kule! Njoo Jumamosi tukaangalie pamoja, na uje miguu mitupu!

---

Kiguu na Njia

Kumekucha. Babu Vespa, amka uone.

---

Karani Mstaafu

Nakuja Jumamosi mzee, na radhi naomba tangu sasa, lakini nauli ya boti nani ananilipa? Na ile soda niliyokuletea ulikunywa.

---

Konde Asilia

Soda ilikuwa ya moto.