Bustani ya wanyama Mombasa: haya mabango ya majina ya kisayansi nani aliyapitisha?

Wana Mombasa wenzangu, nimevumilia nimechoka. Kuna bustani moja ya wanyama huku kaskazini, jina naliweka kapuni. Kiingilio kimepanda, wamebandika mabango mapya yanang'aa, na yaliyoandikwa humo ni madudu matupu.

Bango la chui limeandikwa "ACINONYX JUBATUS". Huyo ni duma! Chui ni Panthera pardus. Na picha iko hapo hapo juu: madoa yamejipanga duaraduara, wala hakuna ile michirizi myeusi inayomshuka duma kutoka machoni hadi mdomoni. Aliyebandika hakutazama hata picha yake mwenyewe?

Kwa simba ndiyo vituko. "Felis Leo"! Ni kweli Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina haya, alimwandika Felis mwaka 1758, enzi hizo simba, chui na paka wa jikoni wote wametiwa jenasi moja, yaani kundi la wanyama wa karibu, ndilo neno la kwanza la jina. Mwanasayansi Mjerumani, Oken, akaleta jenasi Panthera mwaka 1816, na baadaye simba akahamishiwa humo. Ndiyo maana siku hizi huandikwa Panthera leo (Linnaeus, 1758). Yale mabano si mapambo, jamani. Yanakuonyesha kwamba aliyempa mnyama jina la spishi (aina yake hasa, neno la pili) alimweka kwenye jenasi nyingine. Asingehama, mabano yasingekuwepo. Sasa nyinyi mumemrudisha kwa paka, miaka zaidi ya mia mbili nyuma, tena kwa herufi kubwa isiyo yake. Jenasi herufi kubwa, spishi herufi ndogo, kuna ugumu gani hapo?

Hata paa nunga, yule paa mdogo wetu wa msitu wa Arabuko-Sokoke hapa jirani, wameandika "Cephalophus Adersi". Ni adersi. Jina limetokana na mtu, sawa, lakini spishi haipewi herufi kubwa hata ingeitwa kwa jina la sultani.

Nilimfuata msimamizi kwa adabu zote. Akanicheka: "Dada, hicho Kilatini nani anakisoma?"

Nani anakisoma? Mabasi ya shule yanashusha watoto pale na madaftari mikononi! Binti wa dada yangu amenakili hiyo Acinonyx ya chui kwenye kazi ya shule, mwalimu akamkata alama. Na mwalimu hana kosa.

Nimewaandikia barua, kimya. Mwenye kumjua mkubwa wa pale anitumie namba faraghani. Rangi na fundi nitalipa mimi.