Mchezaji wa hoki ya barafu anahamahama timu kila mwaka, inakuaje?

Swali: Wakuu, nipo Canada huku na nimeanza kufuatilia hoki, sasa kuna wachezaji naona leo wako timu hii kesho ile, ni kwamba viwango vyao vibovu ama mikataba ndo iko hivyo?

Mzee wa Saskatchewan: Si vibovu kabisa kaka. Mcheki Mike Sillinger, klabu ya Detroit walimchukua namba 11 kwenye drafti ya 1989 (pale klabu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu), akaishia kucheza timu 12 za NHL, yani ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, na hiyo ni rekodi, mechi zaidi ya 1,000! Kule klabu inakubadilisha na mchezaji mwingine bila kukuuliza, labda mkataba wako uwe na kipengele cha kukataa, na vipengele hivyo hupewa mastaa. Julai 2003 Columbus walimpeleka Dallas na siku hiyohiyo Dallas wakampeleka Phoenix, yani jezi ya Dallas hakuwahi kuivaa, fikiria mke na watoto wanasikiaje.

Dada Neema: Naongezea, yeye alikua mkali wa kugombea paki (kile kidude cha duara wanachokipiga badala ya mpira) mchezo unapoanza, kila kocha anamhitaji mtu wa hivyo, na msimu wa 2005-06 alifunga mabao 32 huku kauanzia St. Louis kaumalizia Nashville. Mimi namheshimu sana. Wengine wanapanda NHL na kushuka AHL, ligi ya chini yake, maisha yao yote.

Mzee wa Saskatchewan: Kweli dada. Na mwanae Cole, aliyezaliwa Columbus baba akiwa anachezea pale, Columbus hao hao wakaja kumchagua kwenye drafti ya 2021.