Kufundisha sayansi ya data sekondari: nianzie wapi?

Mwl_Hisabati

Habari zenu wadau. Nafundisha hisabati sekondari, na muhula ujao nimekabidhiwa kipindi kipya cha sayansi ya data: wiki 10, wanafunzi 34. Mwaka jana nilijaribu na kikundi kidogo baada ya masomo, nikaanza na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wiki mbili ziliishia kwenye kusakinisha programu na kusaka mabano yaliyosahaulika. Wiki ya tatu walibaki saba, na hakuna aliyekuwa amegusa data yoyote. Binti mmoja aliniambia, "Mwalimu, nilidhani tutagundua vitu." Maneno yale hayajanitoka. Safari hii nataka wagundue vitu. Nianzie wapi?

Kokotoa

Pole mwalimu. Kompyuta ziache kwanza. Anza na swali lao wenyewe, karatasi na penseli.

Darasa langu lilikuwa linabishana kama wanaochelewa kulala ndio wanaosinzia mchana. Basi kila mmoja akaandika kwa wiki nzima amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi. Sikuwaambia waandikeje, na nilifanya makusudi. Karatasi zikarudi na "4", "saa nne", "22:00", "10 usiku", hata "baada ya mechi". Wakanigeukia niamue, nikakataa. Kipindi kizima kikaenda kwenye kukubaliana, mwishowe wakachagua saa za simu, 0 hadi 23.

Kesho yake wakatafuta wastani. Mvulana mmoja alikuwa amelala 23:00 siku moja na 1:00 siku iliyofuata. Akajumlisha 23 na 1, akagawa kwa 2, akapata 12. Saa sita mchana! Hesabu haina kosa, na jibu halina maana. Darasa likanyamaza. Ndipo msichana wa dawati la nyuma akasema, "Tuhesabu kwa Kiswahili." Saa 5 usiku na saa 7 usiku, wastani ni saa 6 usiku. Sawasawa kabisa! Saa zetu za usiku zinaanza kuhesabiwa jioni, kwa hiyo usiku wote ni mstari mmoja usiokatika, ilhali saa ya simu inarudi sifuri watu wakiwa usingizini. Tukakaa hapo mpaka kengele ikalia: nani aliamua hesabu ianzie wapi, na jibu limebadilika vipi kwa sababu hiyo? Nimefundisha takwimu miaka 14 na sijawahi kulieleza jambo hili vizuri kama alivyolieleza yule mtoto.

grafu_kwanza

Naunga mkono. Ila wazoeshe kuchora kabla ya kukokotoa. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za namba, kila seti nukta 11 zenye x na y. Mimi naligawa darasa makundi manne, kila kundi seti yake, wasionyeshane. Wote wanapata wastani wa x 9, wastani wa y takriban 7.5, na korelesheni, yaani kipimo cha jinsi x na y zinavyokwenda pamoja, karibu 0.82. Wanaapa kwamba wamepewa namba zilezile. Halafu wachore. Kundi moja linapata nukta zilizotawanyika kando ya mstari, la pili tao, la tatu mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, la nne nukta 10 zimesimama wima na moja iko peke yake mbali. Bandika michoro ubaoni, kisha nyamaza uwasikilize.

mlinda_majina

Mwalimu, kabla ya hayo yote fikiria siri zao. Usingizi ni habari ya nyumbani. Niliwahi kukusanya data kama hiyo bila majina, nikadhani inatosha. Mstari mmoja ulionyesha mtu anayelala saa 9 usiku kila siku. Kwa umri na jinsia tu darasa likamtambua. Alikuwa anauguza mzazi. Bado inaniuma. Sasa wanaokota namba kwenye boksi badala ya kuandika jina, naondoa safu yoyote inayomwanika mtu, na asiyetaka kushiriki hashiriki wala haulizwi kwa nini.

Mwl_Hisabati

Ahsanteni sana, hili la siri sikulifikiria kabisa. Sasa kompyuta ziingie lini? Wazazi watauliza.

Kokotoa

Wanafunzi 34 kwa siku 7 ni mistari 238. Waache wajaribu kuipanga kwa mkono, watakuomba kompyuta wenyewe. Wape lahajedwali kwanza, programu ya majedwali kama Excel. Baadaye walete data ya pengwini wa Antaktika, 344 wa aina tatu. Wawili hawana vipimo, na wanafunzi waamue la kufanya nao. Ukiwachora wote pamoja, urefu wa mdomo ukiongezeka kina chake (kipimo cha juu hadi chini) kinapungua. Tenganisha aina kwa rangi, na ndani ya kila aina vyote viwili vinaongezeka pamoja. Python ije wiki ya nane, kwa kazi ambayo lahajedwali limewachosha.

Mwl_Hisabati

Nimeelewa. Naingia na karatasi 34 na boksi la namba, swali watalitoa wao. Yule binti amejiandikisha tena. Nitamwomba awe wa kwanza kuuliza.